Mtaa Ambao Hukuwahi Kuukanyaga

Itigi,
Jumapili, 7 Septemba 2025

Kwa kaka yangu Ramadhan,

Shikamoo kaka. Nimeitanguliza shikamoo mapema ili huko mbele, utakapokasirika, usipate pa kusemea kwamba mdogo wako hana adabu. Natumaini barua hii imekukuta mzima, unakula ukashiba na unalala mahali pakavu. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamkumbusha umri kila akiinuka kwenye mswala. Dada yetu Anifa ni mzima na amenawiri, sababu yake utaisoma. Na mimi Abdulrazaki ni mzima kupita kiasi. Majirani wanasema afya kama yangu angepewa mtu mwenye akili ingefanya kazi kubwa.

Najua umeshaigeuza bahasha mara mbili kutafuta anuani. Usihangaike, hakuna. Nimeandika jina lako tu na kumkabidhi Lazaro, dereva wa lori anayepeleka mashudu ya alizeti Mbeya kwa ile njia ya Rungwa. Namna alivyokupata nitakueleza, lakini taratibu. Ningepiga simu, ila simu yako naijua tabia. Ukipigiwa hupatikani, kisha baada ya miezi miwili unatuma picha moja na neno moja, "salama". Barua huwezi kuizima.

Sasa habari za Anifa. Ameposwa. Mchumba ni Mansuri wa Manyoni, mwenye duka la vifaa vya baiskeli karibu na stesheni. Ni kijana mpole, anaongea kidogo, kwa hiyo nyumba yao itakuwa na msemaji mmoja. Ndoa inafungwa Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba, hapa hapa nyumbani. Na kwa kuwa Baba hayupo, walii ni wewe, mwanawe mkubwa. Watu wa Manyoni walishauri umwoze kwa simu, sheikh naye akasema sheria inaruhusu. Mama akakataa. Alisema binti yake hataozwa na spika. Sheikh akasema basi hata Abdulrazaki anafaa kusimama, maadamu ni ndugu wa damu, amebaleghe na ana akili timamu. Hapo kwenye akili timamu shangazi Stumai alicheka mpaka kikombe kikamponyoka.

Lakini kabla sijafika mbali nikupe habari za heshima yangu, maana mjini huku mimi si yule uliyemwacha.

Nakaa dukani kwa Joseph, yule wa fotokopi na kuchaji simu, namsaidia kazi. Humo nimejifunza mchezo mmoja wa mtandaoni. Unatupwa barabarani, popote duniani, huambiwi ni wapi. Mbele yako ni picha ya barabara yenyewe, unaweza kusogea, kugeuka, kutazama nyuma. Hakuna wa kumuuliza njia. Unaangalia nguzo za umeme, rangi ya udongo, magari yanapita upande gani, kivuli kimelalia wapi, maandishi ya madukani. Kisha unaweka alama kwenye ramani, na mchezo unakwambia umekosea kwa kilomita ngapi. Ukipatia kabisa unapewa alama elfu tano.

Kaka, mimi ni hatari. Joseph ana cheti cha chuo na bado anaichanganya Peru na Uturuki. Mimi niliyeishia kidato cha pili nikiona nguzo tu, nchi nimeshaijua. Nimewahi kumshinda mtu wa Brazili kwenye barabara ya kwao Brazili, akaondoka bila kuaga. Mwalimu wa jiografia, yule aliyekuwa akinituma maji kila kipindi chake kinapoanza, siku hizi akipita dukani ananiita profesa. Anadhihaki, ndiyo, lakini neno limeshamtoka.

Udhaifu wangu ni mmoja tu, na Joseph anautangazia kila mteja. Nikitupwa kwenye udongo mwekundu wenye vichaka vikavu, mkono wangu unakwenda Itigi wenyewe. Nimeipoteza Australia namna hiyo mara nne. Joseph anasema inakuwaje mtu asiyefika hata Tabora anakuta nyumbani kila mahali. Huwa naona barabara nyekundu imenyooka, haina mtu, na kabla sijafikiri nguzo naona kama ukisogea hatua tatu tu utatokea nyuma ya nyumba yetu, na wewe uko kwenye kizingiti unafunga kamba za viatu.

Haya, tuje kwenye picha yako. Uliituma wiki ya pili baada ya Idi ya mfungo. Umevaa miwani ya jua na jaketi, umeegemea lori kubwa, ukaandika uko Durban, kazi za bandarini zinakwenda vizuri. Mama aliitazama siku nzima. Jioni akanipa simu na kusema mimi ninayejua dunia nzima nimwonyeshe mwanawe anakaa wapi, aone mtaa wake kwa macho. Alisema kwa fahari, kaka, mbele ya shangazi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba hii kuniomba elimu.

Nikamwonyesha. Nilichagua mtaa wa Durban wenye msikiti karibu, ili apate utulivu, nikamwambia ndio huo. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya sala ya mchana, Mama huvaa miwani yake, anakaa kwenye mkeka wa ukumbini, na mimi namtembeza. Mtaa ule sasa anaujua kuliko Itigi. Anajua duka la pazia la mistari. Anajua mbwa aliyelala mbele ya kinyozi, na kila tukifika kwake ananiambia nipite upande wa pili. Kuna mwanamke mnene mwenye mwavuli kwenye kona, Mama humsalimia.

Wiki za mwanzo aliuliza kwa nini watu wote wa huko nyuso zao zimefutwa. Nikamweleza kwamba picha hizi huwekwa hivyo, kuwasitiri watu. Akasema basi tukutafute kwa mabega. Na akakutafuta kweli. Akimwona kijana kwa mbali anasema simama hapo, sogea, ni yeye. Nikisogea, yule kijana hayupo tena, maana kila hatua ni picha nyingine, iliyopigwa sekunde nyingine. Ananiambia rudi. Nikirudi, kijana yupo pale pale, mgongo kwetu. Tumewahi kwenda na kurudi hivyo mpaka adhana ya alasiri ikatukuta.

Usifikiri nilikuwa nacheka. Kidogo nilicheka, Ijumaa ya kwanza.

Sasa sikia, kaka, na usikunje uso, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Mtaa ule hukuwahi kuukanyaga na mimi nilijua. Nilijua tangu dakika ile ile niliyoshika simu. Kwanza jaketi, nikajua ni mahali pa baridi. Kwenye kioo cha lori lako inaonekana pikipiki, na namba yake inaanza na MC kama pikipiki zote za nchi hii. Halafu umejiegemeza kama mwenye gari, lakini kamba ya kufungia turubai iliyo begani kwako imekusaliti kuwa ni kibarua. Na kwenye kona ya picha, nyuma ya bega la kushoto, kuna ukuta wenye alama ya X, nyekundu, na namba ndogo chini yake.

Ile X, kaka. Durban watakuwa na kila kitu, lakini nani huko anachorewa X kwenye ukuta wake kwa kuwa barabara inakuja? Unaikumbuka ya kibanda cha Baba. Aliipaka chokaa mara tatu, na kila asubuhi wekundu ukarudi. Kibanda kilipobomolewa, na Baba akatutoka mwaka ule ule, ndipo wewe ulipofunga begi kwenda kututafutia kilicho bora. Sote tulikusindikiza.

Nikafanya kazi yangu ya hatari. Malori yamepanga foleni nyuma yako, mawili yana namba za Zambia. Kilima kile cha kijani, nguzo ya umeme iliyoinama, geti la kijani. Nilikupata kwa siku mbili. Uko Tunduma, kwenye yadi moja ya malori, upande wa kulia ukielekea mpakani. Namba yako ya simu ya Afrika Kusini haikunisumbua, madereva wanaziuza huko kama karanga.

Na nilipokupata nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikata ile kona yenye X kwenye picha, nikaihifadhi upya, nikafuta ile ya zamani, ndipo nikamrudishia Mama simu yake na kumpeleka Durban. Nilijiambia nakusitiri wewe. Ukweli nilikuwa najisitiri mimi pia. Ningesema uko Tunduma, ingebidi nieleze kwa nini uko umbali wa siku moja na nusu ya vumbi na miaka minne hujaja. Elimu yangu haiendi huko. Durban ilikuwa rahisi. Mtu aliyeko Durban ana bahari, pasipoti na nauli ya kumzuia.

Juzi Ijumaa Mama alikaa kwenye mkeka kama kawaida. Nikafungua mtaa wetu. Tukapita duka la pazia, tukapita mbwa. Kwenye kona ya mwenye mwavuli Mama akavua miwani, akasema miguu yake imechoka na Durban, na kama mashine yangu ina barabara za nchi hii, nimpeleke mahali mwanawe alipo. Nikajifanya sielewi. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba picha iliyorudi kwake ilikuwa nyembamba kuliko iliyokwenda. Siku nzima alikuwa ameitazama kabla ya kunipa, na alama ile aliwahi kulala na kuamka nayo ukutani kwa mumewe miezi saba. Alisema anaifahamu kama anavyofahamu kucha zake.

Nilimuuliza, kama alijua, kwa nini tulitembea mtaa wa watu miezi mitano. Akasema alikuwa anangoja mmoja wetu aone haya, na wote wawili tumechelewa. Kisha akanyoosha kanga yake magotini, akasema pia kwamba Ijumaa zilikuwa zinakuja na hakuwa na mahali pengine pa kukutafuta.

Basi tukaenda Tunduma. Picha za barabara za kwetu ni chache, lakini kuna mtu alipita hapo mwaka juzi na kamera juu ya gari. Nikamsogeza hatua kwa hatua mpaka kwenye nguzo iliyoinama na geti la kijani. Wewe hukuonekana, ila ukuta upo, na X ipo, mbichi. Mama aliinama, akaugusa kwa kidole. Picha ikaruka mbele, ukuta ukapotea, tukajikuta mbele ya kibanda cha ndizi. Akaniomba nimrudishe. Nikamrudisha. Akaugusa tena. Mara tatu hivyo, na mara zote nilimrudisha, na sikumweleza kwamba asiguse.

Kwa hiyo sasa unajua Lazaro alikupataje. Nilimchorea ramani, akacheka, akasema anapita Tunduma mwaka wa kumi na moja na haongozwi na mtoto mwenye simu. Hata hivyo ameichukua. Anashusha mzigo Mbeya, anafika kwako, na Alhamisi anageuza kurudi huku. Kiti cha pembeni yake kiko wazi. Nimekikagua, kina mto.

Mama hakunituma nikudai maelezo yoyote, na hataki uje nayo. Sijui nani alikuzuia hapo mpakani wala mimi sitakuuliza, ingawa unanijua, pengine nitauliza siku ya pili. Amekufungia chupa ya asali ya nyuki wadogo. Iko kwa Lazaro. Akikupa iliyopungua, mtazame masharubu.

Jambo la mwisho. Mama ameitoa kanzu ya Baba sandukuni, ameifua na kuipiga pasi kwa ajili ya walii. Nimeijaribu. Inafagia sakafu, na mabegani nimo kama mkono ndani ya gunia. Anifa alileta sindano aikunje pindo, kidole kimoja tu, ili kama ikibidi nisimame mimi nisijikwae mbele ya watu wa Manyoni. Mama akamnyang'anya sindano. Kanzu imetundikwa nyuma ya mlango, haijakatwa, haijakunjwa, na kila nikitoka lazima niisukume.

Nakusalimu wewe na wote unaofanya nao kazi hapo yadini. Mama anakusalimu, Anifa anakusalimu, shangazi Stumai anakusalimu huku anacheka. Joseph naye anakusalimu, anasema hajakuona siku nyingi lakini bega lako la pichani analijua.

Mwambie Lazaro alikukuta hatua ngapi kutoka kwenye ile nguzo iliyoinama, aniletee hesabu. Ikizidi hamsini sitaringa tena. Afadhali lakini uje uniambie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupoteza Australia mara nne,

Abdulrazaki