Krimu Nne Usiku Mmoja, na Mume Yuko Njiani

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi niamkie wewe, maana umri ndio ulionileta kwenye ukurasa wako. Nisaidie, uso unaniwaka moto na mume wangu anarudi hivi karibuni.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, na hicho kitu naomba tukiache hapo hapo, nafanya kazi kwenye duka la miwani, nawasaidia wateja kuchagua fremu, nawashikia kioo, nawaambia hii imekukaa, hii inakuzeesha, na miaka yote hiyo mimi mwenyewe sikuwahi kupimwa macho, hadi juzijuzi bosi wangu aliponiona nasoma karatasi ya mteja mkono umenyooka kama nasimamisha teksi, akanikalisha kwenye kiti, akanipima, akanivalisha miwani, akanishikia kioo kama ninavyowashikia wenzangu, na hapo, mshauri wangu, nikamwona mama mmoja ana mikunjo pembeni ya macho, shingo imelegea, mdomo umezungukwa na mistari kama mfuko uliokazwa kamba, nikageuka nyuma nione nani ameingia dukani.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, yuko ugenini kwa mkataba, karibu miaka miwili sasa, na kila jioni tunaongea kwa simu ya video, lakini tangu siku ile ya miwani nikawa naielekeza simu juu, namwambia kamera imeharibika, inaona juu tu, naye hana neno, anaongea na dari, mpaka siku moja akaniambia, "Mama watoto, pembe ile ya kushoto inavuja, nitaiziba nikirudi," nikacheka sana, halafu nikaenda chooni nikalia.

Sasa kuna wifi yangu, dada yake mume wangu, mtu mwema na ninampenda, si wale mawifi wa kuonja mchuzi wa mtu kwa kutafuta kasoro, ana biashara ndogo ya vipodozi nyumbani kwake, nikamwendea nikamweleza shida yangu, akasema, "Wifi, uzee siku hizi ni uzembe," akanifungia mzigo: krimu ya retinoli, kichupa cha asidi ya kung'arisha ngozi, vitamini C ya maji, na kikopo cheupe kisicho na maandishi yoyote, akasema hicho ndicho chenyewe, kuna mtu wake anamtengenezea, na yeye mwenyewe hakimwishii nyumbani. Nikamuuliza nianze na ipi, akanijibu, "Mvua ikinyesha unachagua tone?" Basi nikapaka zote, moja juu ya nyingine, kila nikienda kulala.

Mwanzoni, nisiseme uongo, uso uling'aa hadi bosi akaniuliza kama nimeposwa upya, nami nikaona raha, nikaongeza, kisha pakaanza kuchoma, nikadhani dawa ndiyo inafanya kazi, nikaongeza tena, sasa mashavu yanabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, nikitoa jasho naona nyota, na wiki hii mteja alinitazama, akaomba kwa adabu ahudumiwe na mwenzangu. Wifi anasema nivumilie, ni takataka zinatoka, hata yeye ilimtokea na mpaka leo hakai karibu na jiko kwa sababu ngozi nzuri haitaki joto, na akikosa kikopo chake siku chache tu uso unamwasha hadi akirudie.

Naomba uniambie, katika krimu za usiku ni kitu gani hasa kinachosaidia ngozi ya umri wangu na kipi ni porojo, na wifi nimwambieje bila kuvunja undugu, na mume je, nimwambie aahirishe safari mpaka nipate uso mwingine?

Ni mimi,
Mama Miwani


Mama Miwani,

Marahaba. Nimekuzidi, na miwani nilianza zamani. Barua yako sikuiacha ingoje zamu yake, maana uso unaoungua haungojei siku ya gazeti. Nilikupigia simu, tukaongea, na yaliyofuata nayaandika hapa kwa ruhusa yako na ya wifi yako, ili wengine wajifunze bila kuungua.

Kwanza nikugombeze, yaishe. Mteja akija dukani kwako unamvalisha fremu nne kwa mpigo? Humvalishi. Unampa moja, anajitazama, mnajua kama inamfaa. Halafu uso wako mwenyewe unaufanya sufuria ya majaribio! Retinoli ni nzuri, vitamini C ni nzuri, hata asidi ina kazi yake, lakini ukizirundika pamoja usiku mmoja kwenye ngozi iliyoanza kukauka kwa umri, unajichubua. Na panapochoma, mama, mtu huacha. Wewe uliongeza.

Ila kilichonifanya nishike simu ni kile kikopo kisicho na maandishi. Mikorogo ya namna hiyo mara nyingi hukutwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, au haidrokwinoni ya kuchubua rangi, hata zebaki. Hung'arisha haraka, kisha huikondesha ngozi taratibu, na steroidi ukishaizoea, ukiacha ghafla uso huwaka. Uliposema wifi yako hakai karibu na jiko, na kwamba akikikosa anawashwa, nilijua barua yako ina wagonjwa wawili, na wewe ulikuwa umemwona mmoja tu.

Nilikuambia usiende kwake na lawama, nawe ulinisikiliza. Ulimwambia, "Wifi, nisindikize kwa daktari wa ngozi, naogopa kwenda peke yangu." Akakataa, akasema ana wateja. Ukamwambia, "Basi nami siendi." Mkakaa pale sebuleni katikati ya makopo yake, hadi akachukua kitambaa chenye maji akafuta poda usoni mwake. Ukaona mashavu mekundu, mishipa imejichora kama mizizi. Akakuambia, "Nilidhani mimi ndiye nisiyejua kukipaka." Muda wote huo alikuwa anaona aibu, na anauza.

Mkaenda wote. Daktari akabaki na kikopo ili kikapimwe. Wewe, kwa kuwa ulikitumia muda mfupi, alikuachisha papo hapo. Wifi yako daktari anamwachisha polepole kwa dawa, na amemkataza kuacha kwa kichwa chake mwenyewe. Msomaji mwenye kikopo kama hicho, hapo ndipo pa kuanzia: kwa daktari, si kwenye ndoo ya takataka peke yake. Wifi yako ameondoa kila kisicho na maandishi kwenye meza yake, na wateja waliokuwa wamekichukua anawapigia mmoja mmoja. Huo undugu wenu haujavunjika, umepata kazi ya kufanya.

Tuje kwa mume. Jioni ile mlipotoka kwa daktari uliishusha simu kutoka darini ukaielekeza usoni, na ukaniambia alisogeza uso karibu na simu yake. Kisha akauliza, "Panauma?" Hakuuliza umefanya nini wala nani kakuharibu. Ulipomwambia ulikuwa unaficha mikunjo, akakujibu, "Mimi nachomelea vyuma juani, unadhani sura yangu bado ni ile niliyoondoka nayo?" Halafu mkacheka, na ulipocheka mashavu yakakuuma, mkacheka tena.

Sasa sikiliza, maana ulitaka kujua kipi ni kipi. Mpaka ngozi ipone, osha uso kwa sabuni isiyo kali na upake krimu ya kawaida isiyo na manukato, yenye glisirini na seramidi. Hizo hushika maji na kurudisha ukuta wa ngozi ulioubomoa. Ikishatulia kabisa na daktari akiridhika, rudia retinoli peke yake, kwani kwa mikunjo ndiyo yenye ushahidi zaidi: kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, mara mbili kwa wiki, na krimu yako ya kawaida juu yake. Mwanamke mjamzito asiiguse. Niasinamidi hutuliza wekundu, na asidi ya haialuroniki huivutia ngozi maji, ipake uso ukiwa na unyevu. Ile asidi kali mrudishie wifi. Vitamini C ngoja, ukiitaka itumie asubuhi. Na bila krimu ya kukinga jua mchana, krimu ya usiku ni kupiga deki mlango ukiwa wazi upepo wa vumbi unaingia. Utaona tofauti baada ya miezi, nayo itakuwa tofauti ya wastani. Anayekuahidi kukufuta mistari yote kwa wiki moja, mwombe kwanza akuonyeshe mama yake.

Nasikia mume wako anafika leo. Usimtumie mtu kwenda kumpokea. Nenda mwenyewe, kofia kichwani, uso umepakwa krimu yako ya kawaida na ya jua, na hayo magamba yaliyobaki usiyabandue kwa kucha. Akikushika shavu, mwambie ashike taratibu. Na akikuuliza mikunjo iliyobaki ni nini, mwambie ni miaka, na kwamba mingi kati ya hiyo mliizeekea pamoja.