Dhahabu Usoni mwa Luhende

Geita, Jumapili

Mama Kulwa, mke wangu,

Natumaini hapo Tinde mmeamka salama, na mguu wa mayu, mama yako, umepungua uvimbe. Mimi ni mzima. Mdogo wako Luhende si mzima, ndiyo maana naandika.

Unajua kazi yangu hapa zahanati: nachora vijitabu vya katuni ili wagonjwa wa kifua kikuu wasiache dawa wakipata nafuu. Cha mwisho kinamhusu mchimbaji aliyetupa vidonge, akarudi duarani, shimoni mwa kuchimbia, akapata dhahabu, kisha akakohoa damu na kufa. Dhahabu niliiweka ili wachimbaji wavutiwe. Luhende, naye akiwa kwenye dozi, aliniona nikichora. "Shemeji, huyo mwenye dhahabu mpe sura yangu. Hata kwenye karatasi unaninyima?" Nilicheka, nikampa.

Wachimbaji wenzake wakachana picha ya dhahabu kijitabuni, wakaibandika mdomoni mwa duara lao. Ya mwisho, ya kaburi, waliitumia kuwashia moto. Mganga wanayemtegemea kwa bahati akawaambia picha ile ni njozi: mwenye sura hiyo akiacha vidonge, mwamba utafunguka. Luhende akaacha. Haukupita muda, wakaipata dhahabu kweli.

Nilimfuata. Nilimkuta ameketi juu ya viroba vya mawe, amekonda, kitambaa mdomoni.

"Yule niliyemchora alikufa, Luhende."

"Alipata kwanza. Na mimi nimepata."

"Na hiyo damu?"

"Vumbi tu, shemeji. Usinitie mkosi mbele za watu."

Wenzake wakaangua kicheko. "Daktari wa penseli," mmoja akasema, "na mimi nichore basi!" Huyo naye ameacha kuja kuchukua dawa. Wote wanalala chini ya turubai moja.

Mwombe mayu aje mwenyewe, hata kwa kukuegemea. Mimi Luhende ananiona nina wivu. Ombi la mama yake hawezi kulikataa. Msisubiri kuvuna.

Nisalimie kaka yako mkubwa, na shangazi anayetulelea mapacha. Baba mdogo wa Ushetu akipita, mweleze naye.

Kabla sijafunga bahasha, Luhende amemtuma mtu. Anataka picha nyingine, dhahabu iwe kubwa zaidi. Nimekataa. Mjumbe akajibu kwa upole kwamba si neno, wameshampata mchoraji mwingine.

Mumeo anayewangoja stendi,
Baba Kulwa