Yabusame ya Punda wa Maji

Soko la Kalamba,
S.L.P. 7,
Sultan Hamud.
29 Agosti 1976

Mpendwa Dada Ndinda,

Kaa chini kwanza usianguke: unaandikiwa na mpiga mishale hodari kuliko wote kutoka Kalamba mpaka Japani. Wajapani wenyewe hawajapata habari, lakini watapata.

Haya, salamu sasa. Hujambo huko Kisumu? Shemeji na mtoto ni wazima? Mtoto amefanana na nani? Kama ni shemeji, tumwombee. Sisi tuko salama, jua tu. Mgongo wa Mama umepoa, ameanza kwaya tena. Punda wetu Kavisi naye mzima, bado tunapeleka maji pamoja nyumba kwa nyumba, na ndiye mwenye habari.

Unamjua Muthama wa Baba Mdogo Kisilu. Alikuja likizo kutoka bweni la Machakos na suruali pana inayofagia soko lote. Jumapili baada ya ibada, mbele ya Mumbua, Mumbua yule yule uliyesema utanisemea kwa mama yake, akanipigia saluti: "Shikamoo, Profesa wa Punda!" Watu wakacheka. Mumbua naye akacheka, akaficha meno kwa kitabu cha nyimbo. Dada, mimi niliacha shule darasa la sita, lakini kicheko kile nimekishika kwa moyo, sijasahau hata herufi. Nikaapa atalipa, tena Mumbua akiangalia.

Njia nikaipata kwa Mwalimu Morikawa, Mjapani anayefundisha hesabu shule ya harambee. Sisi tunamwita Molikawa, ameshazoea. Nilimpelekea maji nikamkuta na picha za kwao: mtu amepanda farasi anayekimbia kama amefukuzwa na nyuki, hatamu ameziachilia, anavuta upinde mrefu kumpita yeye, na kando ya njia kuna vibao vitatu vya kupasua kwa mishale butu. Inaitwa yabusame. Wanaifanya kuomba mavuno mema. Nikamwambia, "Mwalimu, upinde sisi Wakamba tumezaliwa nao. Kilichobaki ni farasi." Nikamtazama Kavisi. Kavisi akanitazama.

Nikamfuata Muthama sokoni, watu wakiwa wengi.

"We msomi, mishale bado unaijua, ama mkate wa bweni umekusahaulisha?"

"Wewe nakushinda nikiwa nimefumba macho."

"Juu ya punda?"

"Hata juu ya fisi!"

Hapo nikamfunga. Atakayeshindwa atapeleka maji na Kavisi nyumba zote mpaka shule zifunguliwe.

Mwalimu alitundika vibao kwenye njia ya kutoka kisimani. Muthama akatangulia, amempanda Kavisi mbio, upinde juu, suruali inapepea kama bendera. Sasa wewe umeishi na Kavisi. Akifika lango la mteja husimama, na haondoki mpaka asikie debe tupu likigongwa, ndipo ajue maji yameshamwagwa. Lango la kwanza ni la Mama Ndululu. Kavisi akasimama. Muthama hakusimama. Aliendelea peke yake mpaka kwenye rundo la majivu, akainuka mweupe kama aliyelala kwenye unga wa posho mill. Mama Ndululu akatoka na ndoo: "Na leo maji yako wapi?"

Zamu yangu, nikajifunga debe tupu mgongoni. Watu wakadhani ni pambo la Kijapani. Debe likawa ko! ko! ko!, Kavisi akaamini maji yameisha kila nyumba, akakimbilia nyumbani bila kuangalia lango lolote. Kibao cha kwanza, pa! Cha pili, pa! Cha tatu mshale uligusa ukingo tu, lakini Mwalimu alisema imehesabiwa, na yeye ndiye Mjapani.

Nikampigia Muthama saluti. "Karibu kazini, Profesa." Kila asubuhi nakaa mbele ya duka la Thuo na chai yangu, namwona akipita na madebe, suruali imekunjwa magotini. Namwuliza kama hilo nalo ni somo la Machakos. Huruma sina, hata ya kukopa.

Nisalimie shemeji, na umbusu mtoto. Mama na mdogo wetu Nthenya wanakusalimu sana. Baba Mdogo Kisilu pia anakusalimu, ingawa mimi siku hizi hanisalimu. Mungu awafunike nyote huko kwenye mbu.

Jambo moja tu. Lango la mwisho ni la kina Mumbua. Zamani zangu alikuwa akimpa Kavisi maganda ya viazi, anachukua maji, anarudi ndani. Siku hizi debe linagongwa, Kavisi yuko tayari kwenda, anayekataa kuondoka ni Muthama. Jana nilipita nikamsikia Mumbua akicheka, safari hii bila kitabu cha nyimbo, halafu akamwomba anwani ya bweni.

Na aliyempeleka pale kila asubuhi, kwa lazima, ni mimi.

Kwa hiyo, Dada, yale ya kunisemea kwa mama yake, kama bado hujayasema, yaache.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja, nikupendaye hata ukinicheka,

Nzuki