Maharage ya Papa na Petroli ya Mume Wangu

Mpendwa Maman Eulalie,

Nakuomba msaada, lakini kwanza ujue kwamba hakuna mke mwenye furaha kunishinda hapa Nguba, maana nina wiki saba tu za ndoa na hata leo nikisikia mume wangu Héritier anafungua mlango nakimbilia kioo kutengeneza kitambaa changu cha kichwa. Anasoma teknolojia ya petroli, mwaka wa pili, katika chuo kimoja cha hapa mjini, na jioni ananisomea daftari lake, mabomba, visima, tabaka za mawe, nami nasikiliza kama nyimbo hata nisipoelewa kitu. Siku ya mahari msemaji wa familia yao alimtambulisha kwa papa, baba yangu, kuwa ni ingénieur, mhandisi wa petroli, akasahau kutaja kwamba bado anasoma, na papa akaagiza kasiksi, pombe ya ndizi, iongezwe kwa wageni wote.

Baada ya harusi tulikwenda Katana kusalimu wazazi wangu, papa akampeleka kwenye shamba lake la bondeni, ambako kuna mtaro wa maji yaliyotuama yenye utando unaong'aa rangi nyingi, akamuuliza mbele ya majirani, "Mukwe wangu, hii haiko petroli?" Héritier akaugusa utando kwa kijiti, polepole kama daktari, nikampenda upya, halafu akajibu, "Inawezekana, papa." Njiani akaniambia ukweli, kwamba utando ulivunjika vipande kama kioo ukabaki hivyo, wakati petroli ukiipasua inarudi kuungana, kwa hiyo ile ni kutu ya udongo tu, lakini angempingaje baba mkwe mbele ya watu? Heshima hiyo ilinitoa machozi.

Sasa mvua za Septemba zimeanza, majirani wamepanda, na papa amemkataza mama kupanda maharage juu ya petroli. Watu wanane wanakula kwenye shamba lile. Je, nimwambie papa na kumwaibisha mume wangu, au tungoje apate diploma, ndipo atakuwa na nguvu ya kusema?

Carine, Nguba

Carine mwanangu,

Hongera kwa ndoa. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kosa la Héritier, kwa sababu umelifunika maua mpaka halionekani. Ni hili: alijua, akaficha. Aliulizwa swali la kwanza la kazi yake maishani, akajibu kama mkwe.

Naelewa, baba mkwe anatisha. Lakini diploma ni mwakani, na hao wanane watataka kula mwezi wa kwanza, wakati wa mavuno.

Jumamosi hii mwende Katana. Héritier asizungumze mbele ya majirani, wala asimwambie muzee kwamba amekosea. Amchukue peke yake hadi mtaroni na kumpa kijiti: "Papa, gusa wewe mwenyewe." Kisha adondoshe oili ya pikipiki kwenye beseni la maji, muzee aipasue, aone inavyoungana tena. Macho yake ndiyo yatakayompinga. Na hapo hapo mumeo akiri kwamba bado ni mwanafunzi, kabla mtu mwingine hajamtangulia kusema hivyo.

Muzee atanuna, labda wiki nzima. Mwacheni anune. Wewe usisimame kando ukitazama jinsi mumeo anavyoshika kijiti. Vaa nguo za shamba, ingia na mama yako, mupande siku ile ile. Jumapili kwenye misa nataka mgongo ukuume.

Maman Eulalie