Kufuli Halikuhama

2 Februari

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wote hapa nyumbani. Mimi ni mzima, ukiondoa kifua, na kifua changu unakijua: kikikupa raha mchana, alfajiri kinadai deni. Mama yako mdogo anauliza kama huko unakula au unasoma tu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Jana alikuja Filimbi. Bila shaka unamkumbuka, yule aliyekuwa akipuliza filimbi ya zamu kiwandani, nanyi watoto mkimwiga njia nzima. Sisi wenzake tumeshastaafu, yeye bado yuko kazini, na nyumba anayolala ni ya kiwanda. Sasa hana raha. Anauliza, yale tuliyowaambia watafiti wa taasisi yenu yako wapi? Habari za vumbi la saruji, na zahanati ya kiwanda inavyomwandikia kila anayekohoa kwamba ana mafua. Nani anayaona?

Nikamwambia, "Binti yangu ndiye mkutubi wa pale. Ufunguo uko kiunoni mwake."

Akanijibu, "Mimi nilisema kwa ajili yako. Hiyo taasisi siijui."

Niandikie neno la kumtuliza.

Baba yako

*

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, ila nimechoka. Jengo letu limegeuka kama nyumba ya watu wanaohama. Sisi ni idara tatu chini ya paa moja: maktaba chini, uchapishaji juu, na watu wa kompyuta kwenye chumba cha pembeni ambako feni zinavuma kutwa. Mkurugenzi ameagiza ripoti zote za miaka yote ziingie kwenye tovuti, mtu asome popote alipo. Anayehamisha ni jamaa tunayemwita Nenosiri, maana hata ukimpa habari za asubuhi anakuuliza nenosiri lako.

Mwambie Filimbi atulie. Mahojiano yenu yako kwenye faili mbili. Yenye majina imefungwa, haitoki. Ile nyingine haina jina la mtu. Humo nyote ni "mfanyakazi" tu, basi. Hiyo ndiyo anayotengenezea kitabu Mama Mhariri, mkuu wa uchapishaji. Kalamu yake nyekundu haina huruma. Lakini juzi nilimkuta ameiweka chini, anasoma ulivyokuwa ukikung'uta nguo zako nje ya mlango ili marehemu Mama asivute vumbi. Hakukata hata neno.

Msalimie mama mdogo, mwambie nakula.

Mwanao

*

20 Februari

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo salamu ni fupi.

Asubuhi nilikuwa naijaribu tovuti mpya, nione kama inatafuta vizuri. Nikaandika "vumbi la saruji". Likaja jina lako. Jina lako kamili, Baba, na la babu. Chini yake jina la Filimbi, kazi yake, na maneno yake yote kuhusu zahanati.

Nilikimbia hadi chumba cha kompyuta. Nenosiri alipoona, alifungua mashine ya zamani akalinganisha. Alipohamisha faili kwenda mashine mpya, faili ilihama, kufuli halikuhama. "Nilidhani linafuata lenyewe," akasema. Tuliifunga hapo hapo. Lakini ilikuwa wazi tangu wiki iliyopita, na kuna watu wameifungua. Mmoja aliifungua akiwa huko huko kwenu.

Mkurugenzi ametuita. "Tumeshafunga," akasema. "Mkinyamaza, yamekwisha. Mkisema, mnaamsha waliolala."

Nikamwuliza, "Na kama wameshaamka?" Akanionyesha mlango.

Mimi sitanyamaza. Baba, nenda kwa Filimbi leo hii, asikie kutoka kwako kabla hajasikia kwa mwingine. Simu napiga haipatikani. Barua hii nampa dereva wa vifurushi mkononi, ameapa atakufikishia.

Mwanao

*

27 Februari

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Jana simu ilipokewa, mama mdogo akasema, "Baba yako hayupo." Nyuma yake nikakusikia ukikohoa.

Kikohozi chako nakijua kama ninavyoijua sauti yako. Ulikuwepo, hukutaka kuongea nami.

Nimeandika kwa kamati inayosimamia haki za watu tunaowahoji. Mkurugenzi amepata habari, akanipokonya funguo za maktaba. Sasa nakaa juu, Mama Mhariri amenipa pembe ya meza yake. Kila mlango ukifunguliwa nashtuka, nadhani wamekuja kunifukuza. Halafu naona aibu, kwa nini nijifikirie mimi wakati sijui Filimbi yuko katika hali gani.

Chakula hakipiti. Niandikie, Baba. Hata ukinigombeza, nitashukuru.

Mwanao

*

6 Machi

Binti yangu,

Salamu zako zimefika. Tuko hai.

Barua yako ilichelewa kwa usiku mmoja tu. Filimbi alikuwa ameshaitwa kwa meneja. Karatasi za mahojiano ziko mezani, maneno yake kama alivyoyatamka. Meneja akamwuliza, "Haya ni yako?" Angeweza kukana, binti yangu. Akasema, "Ni yangu, na ni kweli." Akaambiwa arudishe sare na ahame nyumba. Amehamia kwa binti yake, analala chumba kimoja na wajukuu.

Alikuja hapa siku ile ile. Nikamkaribisha kiti, akabaki mlangoni.

"Ulisema ufunguo uko kiunoni mwake," akaniambia. "Kiuno gani hicho?"

Nikamsogezea kiti tena, basi. Mimi, ambaye mama yako mdogo husema mdomo wangu haujui likizo.

Ndiyo maana sikushika simu. Hasira ilikuwepo, sikufichi, lakini iliyonizidi ni aibu. Hawa watu walisema kwa sababu niliwaambia waseme. Basi nilipita nyumba kwa nyumba, nikawaeleza mwenyewe. Wengi walinipa mkono. Mmoja alinifungia mlango usoni, nikaongea na ubao.

Juzi tulikaa, sisi wastaafu. Kiwanda kitatunyang'anya nini zaidi ya kikohozi? Maneno yameshatoka, na yakitoka hayarudi tumboni. Tumekubaliana kitabu kitoke, na majina yetu yaandikwe, yote isipokuwa la huyo aliyefunga mlango.

Wala la Filimbi. Yeye hataki jina wala neno lake libaki popote. Futa. Futa kwa mkono wako, usimwachie mtu.

Baba

*

19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha, nilikaa chini ngazini kabla ya kuifungua. Hali yangu ni ya wasiwasi, lakini sasa nalala kidogo.

Nimefuta. Kwenye mashine ya zamani, kwenye mpya, na kwenye nakala ya akiba. Nenosiri alisimama nyuma yangu, mara hii hakuniuliza nenosiri. Aliponyoosha mkono kunisaidia nikamwambia, "Acha, nimeagizwa." Mama Mhariri ametoa kurasa zote za zahanati kwenye kitabu. Zilikuwa ndizo roho ya kitabu, Baba, bila hizo kiwanda kitapumua. Alinung'unika siku nzima kwamba sura imebaki na pengo. Kisha akasema, "Mwenye maneno akiyataka, anarudishiwa." Majina yenu yanakaa ukurasa wa mbele.

Kamati imekaa. Mkurugenzi ametakiwa aandike kukiri kosa na kuomba radhi, ameandika. Wakili aliyewekwa na kamati anakuja huko wiki ijayo kumtetea Filimbi. Hakuahidi kazi wala nyumba, alisema atajaribu. Mimi funguo sijarudishiwa, na hakuna anayenitazama nikipita.

Hiyo barua ya radhi kwa Filimbi ina mhuri na maneno mazito, lakini ni karatasi. Nataka nije mwenyewe kwa Filimbi. Muulize kama atanipokea. Akikataa, usimbembeleze.

Mwanao

*

14 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Mvua imeanza, vumbi limelala kidogo, na kifua kimepata nafuu. Najua umengoja sana jibu hili. Nami nilikuwa nalingoja.

Mara ya kwanza nilipompelekea ombi lako, Filimbi aliendelea kuchonga mpini wa jembe kama sipo. Mara ya pili aliniuliza kama huyo wakili ni mtu au ni barua nyingine. Nikamwambia ni mtu. Kweli akaja, wakaongea hadi chai ikapoa. Kesi imefunguliwa. Meneja anasema Filimbi alifukuzwa kwa uvivu. Uvivu, Filimbi! Hata wanaomwogopa meneja walicheka.

Jana nilikutana naye kisimani. Tukachota maji, kila mmoja na ndoo yake. Alipoinua ya kwake akasema, "Binti yako aje."

Hakusema atakusamehe, na mimi sikumwuliza. Nilimwuliza tu umwambie nini ukifika.

"Atakayesema ni mimi," akajibu. "Nitasema mara moja, yeye asikilize. Na asiandike."

Panda gari la asubuhi, binti yangu. Usibebe kalamu.

Baba yako akupendaye