Kaseti Isiyo na Watu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, na usishangae ni mimi naomba, maana kutoka Masara mpaka Mbita hakuna matanga ya maana bila mimi kushika maikrofoni, hata wabunge wananibembeleza niwataje vizuri, nimefika Mwanza, nimefika Kampala, shule niliachia darasa la saba lakini mdomo ulimaliza chuo kikuu. Shida yangu ni Orpah wa Rusinga. Huyu dada anasomea hotuba za wanasiasa wa Ugiriki na Roma, wale walikufa hata kabla Yesu azaliwe, na tulijuana akija matangani na redio ya kaseti kunirekodi, akaniambia, "Caleb, Athene walikuwa wanachagua mtu mmoja wa kusifu waliokufa vitani. Wangekuchagua wewe." Sasa yuko Uingereza mwaka wa nne, anafundisha Wazungu maneno hayo ya kale, na mimi humtumia kaseti za matanga na za kampeni ya tisini na mbili, umati ukipiga makofi mpaka redio inatetemeka. Juzi alipiga simu dukani kwa Ombati. "Wamenipa kazi ya kudumu huku. Nitawajibu Krismasi. Lakini nitumie kaseti moja isiyo na watu." Nikacheka, nikamwambia, "Nyar Rusinga, binti wa kisiwani, hotuba bila watu ni ugali bila mboga!" Akakata simu. Mshauri, amechoka na kelele zetu? Mpaka leo nikishika maikrofoni naangalia mstari wa wamama, pale alikuwa anakaa, redio magotini. Nataka kumwandalia hotuba ya kumrudisha. Nianze kama Mgiriki ama kama Mrumi?

Caleb, Mbita

Caleb,

Nimekuhurumia, halafu nikataka kukuchapa. Mtu ambaye kazi yake ni kupima maneno ya kuvuta umati, wewe utamvuta na hotuba? Amekusikia ukisifu marehemu na wagombea. Yeye mwenyewe umemwambia nini? Nimetafuta barua nzima sijaona. Kaseti isiyo na watu ni yenu wawili, bwana!

Na usimwambie akatae kazi, ameitolea jasho. Mwambie unamtaka, aamue akijua.

Nunua kaseti mpya, usirekodi juu ya matanga ya mtu. Funga mlango. Usisalimie waombolezaji, usitaje Ugiriki. Mwambie kuhusu ule mstari wa wamama. Sauti ikikwama, usifute. Hapo ndipo amengoja kukusikia miaka yote hii. Jumatatu, posta.