Ubao wa Mbweni

Keko, Dar es Salaam
7 Machi 1954

Dada Anastasia,

Basi yule memsahib akaushika ubao wangu niliouchora kwa mikono miwili, akausogeza mbali, akausogeza karibu, kama mtu anayenusa samaki asije akauziwa wa jana. Mie niko nyuma ya kabati, nimeshika brashi, jasho linanitoka. Fundi Ansbert ananiambia, "Toka huko, we! Unaulizwa." Sitoki. Akanivuta shati kama anavuta mbuzi.

Ngoja. Nimeanza bila salamu, mkono umetangulia, unisamehe. Shikamoo dada. Mama anaendeleaje na goti lake? Shemeji na watoto wazima? Mie mzima, nakula, nalala, ila miguu yangu haina raha. Jumamosi tukifunga kazi saa saba wenzangu wanakwenda mpirani, mie siwezi kukaa. Natembea. Pugu nimekwenda mara nne. Huko kuna udongo mwekundu, nimeusaga, nimeuchanganya na mafuta ya kupakia mbao, ukatoa rangi ambayo dukani hamna.

Siku hizi nakwendaga Mbweni, kaskazini kabisa, unapita Kunduchi, unavuka mikoko, miguu inazama mpaka goti. Ni mwendo wa tangu mchana mpaka jua kuzama. Halafu unapanda kijilima na bahari yote inakuwa chini yako. Kuna bibi mmoja pale, Bi Hija, ananipa maji na muhogo na kibaraza cha kulala. Jumapili nachora, halafu narudi. Ndiyo hapo nilipochora ule ubao, kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kitanda cha mteja.

Memsahib alikuja kuagiza kabati. Mumewe ni mpimaji wa viwanja wa serikali, vijana hapa wanamwita Bwana Miguu, mrefu kama mlingoti. Ubao aliuona umeegemea ukutani. Akaniambia nirekebishe kidogo pembeni, nikarekebisha palepale mbele yake, akauchukua. Keshokutwa yake akaniletea sanduku la rangi, dada. Sanduku zima! Buluu tatu, kila moja na jina lake.

Sikiliza hii sasa. Julai wanakwenda Moshi, wanapanda ule mlima wenye barafu. Anataka niende nao, nichore njia nzima. Fundi Ansbert kakubali, maana kabati nyingine nne ziko njiani. Mie barafu nitaichoraje? Nyeupe juu ya nyeupe? Sipati usingizi kwa kuiwaza.

Nisalimie Mjomba Fransis.

Mdogo wako,
Gaspar

*

Ndanda
2 Aprili 1954

Mdogo wangu Gaspar,

Marahaba. Sisi huku wazima wote, goti la mama linauma mvua ikikaribia tu, kwa hiyo sasa linauma kila siku. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukifika kwenye hiyo barafu umletee kwenye kibuyu.

Barua yako nimemsomea mama mara tatu. Alichouliza ni kimoja: "Huyo mzungu kampa mwanangu chakula?" Nikamwambia kampa rangi. Akasema, "Basi atakula rangi."

Ile picha ndogo uliyotuma Krismasi, ya mteremko wa kwetu, nimeitundika sebuleni. Watu wanakuja kuitazama. Mjomba Fransis alikaa mbele yake mpaka uji ukapoa. Akasema, "Ni kwetu kweli. Hili jiwe nalijua, nimelikalia. Lakini nyumba yangu iko wapi?" Tukatafuta. Gaspar, umechora miti, umechora mawe, umechora mpaka njia ya kisimani, lakini hakuna nyumba, hakuna hata moshi. Mjomba akaondoka amenuna. Nilimwambia labda tulikuwa shambani.

Mie nakujua. Wewe watu wanakuchosha. Hata udogoni mgeni akija unapanda mti. Lakini njia ya kisimani imechimbwa na miguu ya watu, mdogo wangu, haikujichora.

Na kitu kingine. Hapo pembeni uliporekebisha, palikuwa na nini? Umepapita haraka kama mtu anayepita kwa anayemdai.

Kula vizuri. Vaa viatu kwenye mikoko.

Dada yako,
Anastasia

*

Keko
25 Aprili 1954

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia wazima. Kwa Mjomba niombee radhi, nitamchorea nyumba yake na yeye mwenyewe mlangoni, na kofia.

Wewe mtu wa hatari. Nilijua utauliza.

Pembeni palikuwa na kibanda cha Bi Hija. Na minazi yake saba.

Nikueleze hiyo minazi. Huku pwani mtoto akizaliwa, kitovu kikidondoka wanakifukia, na juu yake wanapanda mnazi. Mnazi unakuwa wa mtoto, kwa jina lake. Bi Hija alikuwaga Msasani zamani, wakaambiwa wapishe, akaiacha minazi ya watoto wake imesimama kule. Akahamia Mbweni miaka minane sasa, akaanza upya na wajukuu. Saba. Wa kwanza umefika kwenye makuti ya kibanda, wa mwisho hauzidi kiuno changu. Asubuhi anapita na kata ya maji anaiamkia. "Chausiku, umelalaje? Fakihi, mbona umepinda, unamkimbia nani?" Siku ya kwanza nilidhani kuna watoto nyuma ya kibanda.

Vyote nilikuwa nimevichora, dada. Kibanda, minazi saba, Bi Hija mwenyewe na kata yake, mdogo kama punje. Ilinichukua Jumapili tatu.

Memsahib akasema, "Nzuri sana. Hiki kibanda tu kinaharibu. Ningependa pawe pori, kama Mungu alivyopaumba." Nikachovya brashi kwenye kijani. Nilianza na minazi, nikamalizia Bi Hija. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai.

Nilijiambia, ni rangi tu. Kibanda kiko palepale, mie sijakigusa.

Halafu wiki iliyopita wamekuja wote wawili kuchukua kabati. Bwana Miguu kanikuta napiga msasa. Kwa Kiswahili chake kizuri tu kaniuliza, "Ile picha ni Mbweni, kile kilima cha baada ya mikoko?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. "Ulichora lini?" Nikamwambia Februari. "Na pako hivyo? Pori?"

Memsahib alikuwa amesimama hapohapo. Nilimtazama, akatazama kabati, akafungua mlango wake, akafunga. Mie nikainama nikaendelea na msasa. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Bwana akasubiri kidogo, akaenda zake.

Kwa nini aliuliza? Unadhani kwa nini? Tangu siku hiyo natembea hata nikiwa nimekaa.

Mdogo wako,
Gaspar

*

Keko
16 Mei 1954

Dada,

Shikamoo. Majibu yako sijapata, mvua imekata barabara ya kusini wanasema. Naandika hivyohivyo.

Nimetoka Mbweni. Kuna vigingi. Vimepakwa nyeupe kichwani, vimepita katikati ya minazi, kimoja kimepigwa kati ya Chausiku na Fakihi. Bi Hija kakifunga kitambaa ili asijikwae. Ananiuliza, "Mwanangu, wewe unakaa mjini na mafundi, hivi ni vya nini?" Nikamwambia sijui, bibi.

Muhogo alionipa nikauacha sahanini.

Ijumaa alikuja hapa Revelian, karani wa Kihaya, anafanya kazi chini ya Bwana Miguu. Kaja kutazama meza. Anapenda kuongea, na mie napenda kusikiliza, basi akaongea. Anasema, "Kumbe wewe ndiye mchoraji! Picha yako iko ofisini juu ya kabati la ramani. Wakubwa wakija, Bwana anawaonyesha kwa fimbo, hapa nyumba, hapa nyumba, hapa ngazi ya kushukia baharini. Jumbe wa kijiji cha kule kaleta malalamiko kuna bibi ana miti, hawezi kuondolewa hivihivi. Bwana kasema, huyo bibi kahamia juzi aliposikia upimaji, na miche kaihamisha usiku, tumeshaona hila hizo. Februari palikuwa pori, picha ndiyo hii."

Nikamwuliza, hawezi kwenda akaona ukubwa wa miti?

"Atakwenda. Jumatatu ya tarehe ishirini na nane mwezi ujao, na karatasi ya kumhamisha bibi, aitie sahihi. Lakini kaka, macho yake yameshaamini ubao."

Nifanye nini, dada? Nikisema, memsahib ataonekana mwongo mbele ya mumewe. Safari ya Moshi basi. Fundi Ansbert atanifukuza, kabati nne si mchezo. Nisiposema, hakuna anayejua. Mie tu na memsahib, na yeye kanyamaza.

Gaspar

*

Ndanda
10 Juni 1954

Gaspar, mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika siku moja, zimelowa kama zimeogelea. Mama mzima, sote wazima. Salamu zimekwisha, nikae sawa sasa nikwambie.

Unakumbuka ghala la Mjomba Fransis? Ulikuwa na miaka tisa. Mlango ukaachwa wazi, nguruwe wakaingia, wakamaliza mtama wa mwaka mzima. Mjomba akadai ni mwanawe Leonardi, akampiga mpaka akashindwa kukaa. Wewe ulikuwa juu ya mwembe, ulimwona Mjomba mwenyewe akitoka pale na kibuyu cha pombe, mlango hakuurudishia. Uliniambia mie usiku, umejifunika shuka. Mie nilikuwa na miaka kumi na tano na sikusema pia, kwa hiyo sijitoi.

Kesho yake ulimpelekea Leonardi manati yako. Ile nzuri, ya mpera. Akaichukua, akaitazama, akaitupa kichakani. Ulilia sana. Nilidhani anaringa. Sasa ndiyo namwelewa. Leonardi hakutaka manati, Gaspar. Alitaka neno.

Wewe unaona kuliko sisi wote. Tangu mdogo. Ndiyo maana mkono wako unaweza kuchora. Lakini ukiona peke yako bila kusema, yule uliyemwona amebaki peke yake vilevile.

Unaniuliza ufanye nini. Sikwambii. Ukifukuzwa, huku kwetu mbao zipo na vitanda watu wanalalia. Mlima wa barafu ulikuwapo kabla ya huyo memsahib.

Nimemwambia mama kila kitu. Akaweka ungo chini. Halafu akauliza, "Huyo bibi kampa mwanangu chakula?" Nikasema ndiyo, mama, kila Jumapili.

Dada yako,
Anastasia

*

Keko
Jumatatu 28 Juni 1954, asubuhi

Dada Anastasia,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yake peke yake. Mie mzima, ila sijatulia tangu jana nilipotoka Mbweni.

Nilimwambia Bi Hija. Nilikaa barazani, nikamwambia mie ndiye niliyekufuta. Kwanza hakunielewa, nikamchorea mchangani kwa kijiti, hiki kibanda, huyu wewe na kata yako, kisha nikapitisha kiganja. Akatazama mchanga. Akasema, "Msasani walinitoa kwa karatasi. Wewe umenitoa kwa brashi. Muhogo wangu ulikuwa mchungu, mwanangu?" Akaingia ndani. Nikadhani imekwisha, nikainuka, akatoka na maji, akanipa. "Kunywa, njia ndefu." Hakuniangalia.

Njia nzima nilikuwa nawaza nitasema nini. Mie maneno mbele ya mzungu hayatoki, unanijua. Nikafika kwenye mikoko, matope yako gotini, nikanusa mikono yangu. Tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi. Ndipo nikasimama.

Dada, sikukifuta kile kibanda. Nilikipaka juu. Ile rangi ya chini nilisaga mwenyewe, udongo wa Pugu na mafuta, ilikuwa imeshakauka, ngumu kama kigae. Kijani nilipiga mara moja tu, nyepesi, kwa haraka, kwa woga. Mie ni mtu wa msasa. Najua rangi gani inatoka na gani inabaki. Nikipitisha msasa mwembamba pale pembeni, kwa maji, taratibu, kwanza yatatoka makuti, halafu Chausiku, halafu mwingine, mpaka wote saba, na Bi Hija na kata yake. Kwa tarehe ileile anayoisema yeye mwenyewe. Februari.

Sitahitaji kuongea sana. Nitasema, "Bwana, picha ilidanganya, naomba nikuonyeshe." Maneno hayo nimeyarudia mpaka jogoo wa jirani kayajua.

Memsahib sitamtaja. Akiniuliza nani aliyeniambia nifiche, nitasema mkono ulikuwa wangu. Ni kweli pia.

Inawezekana akaniita mwendawazimu, akanitoa na askari. Inawezekana akaona na asijali, Revelian anasema karatasi imeshapigwa chapa. Sijui. Fundi Ansbert nimemwambia alfajiri hii. Katupa kofia chini. "Wewe unakwenda kumkwangulia mzungu picha yake ukutani kwake? Gaspar, umekunywa?" Nikamwambia hapana. Kanitazama sana. "Ukienda, hapa usirudi." Halafu nilipokuwa natafuta msasa, kanirushia kipande kutoka kwenye sanduku lake. "Huo wako mkali mno, utakwangua mpaka ubao. Chukua huu." Mpaka sasa sijui kanifukuza ama la.

Sanduku la rangi nimelifunga kwa kamba, buluu zote tatu zimo, Revelian atalipeleka nyumbani kwa memsahib. Moja sikuifungua kabisa. Niliitunzia barafu.

Dada, king'ora cha reli cha saa moja kimelia. Bwana Miguu anapanda gari saa mbili kamili na karatasi yake, na kutoka hapa Keko mpaka ofisini kwake ni mwendo wa saa nzima kwa mtu wa kawaida. Mie natembea haraka, lakini nataka nimkute bado yuko ndani, ubao uko ukutani. Akishatoka, huko Mbweni sina cha kumwonyesha isipokuwa mdomo wangu, na mdomo wangu unaujua. Kwa hiyo nakwenda sasa hivi, barua nitaitia sanduku la posta nikipita.

Mdogo wako,
Gaspar